Kutii Kabla ya Kuelewa

Naamani alikuwa jemadari wa Siria, mtu mkuu mbele ya mfalme wake, lakini alikuwa na ukoma. Akaenda kwa nabii Eliseo na farasi na zawadi za dhahabu, akidhani nabii atatoka na kutenda jambo kubwa. Nabii hakutoka, alimtuma mjumbe tu, amwambie aende kuoga mara saba katika mto Yordani. Naamani akakasirika, kwa kuwa mito ya kwao ilikuwa mizuri zaidi. Watumishi wake wakamsihi: kama angaliamriwa jambo zito angalitenda, basi kwa nini jambo jepesi limshinde? Akashuka mtoni, akaoga mara saba, akatakasika.

Maji yale hayakuwa dawa. Mungu ndiye aliyemponya, na Naamani alitii kwanza, ndipo akaelewa. Hata mtoto mdogo, amwonapo mama yake wakati wa njaa akitwaa maharagwe mazuri na kuyafukia udongoni, hudhani ni hasara. Mama ajua analolifanya. Mtoto amtumaini mama yake, na wakati wa mavuno ataona.

Lakini si kila neno geni latoka kwa Mungu. Mtu akidai ya kwamba Mungu amemwagiza kumfukuza mtoto kwa kumsingizia uchawi, au kumchukia jirani wa kabila lingine, huyo asisikilizwe. Mungu hapingani na amri zake mwenyewe. Neno lake hujulikana katika Injili na katika mafundisho ya Kanisa, nalo huzaa mapendo.

Na katika amri za Yezu Kristu, iliyo ngeni kupita zote ni kuwapenda adui na kuwaombea watesi. Kuikariri darasani ni rahisi. Kuishika ni vigumu huko Mpofi na katika nchi yote ya Masisi na Walikale, ambako tangu vita vya mwaka 1993, vilivyoanzia sokoni Ntoto, watu wengi wameacha nyumba na mashamba wakakimbia, tena si mara moja. Aliyefiwa na nduguye hujiuliza moyoni: «Hata huyu nimwombee?»

Mkongo mmoja, mwenye heri Isidore Bakanja, aliijibu swali hilo kwa mwili wake. Alibatizwa tarehe 6 Mei 1906, naye alikuwa kijana mfanyakazi. Huko Ikili, katika Ekwateri, bwana mmoja wa shamba alimwamuru avue skapulari ya Bikira Maria na kuacha kuwafundisha wenzake sala. Bakanja hakukubali. Mwaka 1909 akapigwa viboko zaidi ya 100, kwa mjeledi wenye misumari, hata mgongo wake ukawa donda moja. Aliteseka miezi mingi.

Bakanja hakuficha ukweli. Alitaka mama yake, na hakimu, na padri waambiwe ya kwamba anakufa kwa sababu ni Mkristu. Kusamehe si kuuita uovu wema, wala si kumzuia hakimu kufanya kazi yake. Lakini mapadri walipomhimiza kumsamehe aliyempiga, alijibu kwamba amekwisha kumsamehe, na akifika mbinguni atamwombea sana. Alikufa mwezi wa Agosti 1909, mwenye rozari mkononi na skapulari shingoni. Baba Mtakatifu Yohane Paulo II alimtangaza kuwa mwenye heri tarehe 24 Aprili 1994.

Bakanja hakungoja uchungu uishe ndipo atii. Basi mkatekumeni naye asingoje. Jioni, asalipo Baba Yetu, na amtaje kimya mbele ya Mungu yule mmoja aliyemtendea mabaya, amwombee jambo jema moja, hata kama moyo unakataa. Kesho afanye vivyo hivyo. Naamani hakutakasika alipozama mara ya kwanza, wala ya pili. Alitakasika alipotimiza ya saba.