Eliya na Zamu ya Usiku



Muuguzi akitujibu kwa ukali wodini, twasema upesi, "Huyu hana wito." Lakini someni 1 Wafalme 19. Eliya alikuwa na wito, tena ametoka kushinda juu ya Karmeli. Hata hivyo aliketi chini ya mretemu akaomba afe. Mungu hakuanza kwa kumkemea. Malaika alimpa mkate na maji, akamwacha alale, akamwamsha ale tena. Na baada ya Horebu akapata Elisha wa kumsaidia.

Muuguzi aliyebeba kazi ya watu watatu usiku kucha, dawa zitachelewa na vidonda vitangoja. Moyo hata ukiwa mwema, mikono ni miwili. Naye asiposhukuriwa na mtu, moyo nao hupoa. (Nasi jamaa za wagonjwa twaingia makundi makundi, saa zisizo zetu, na kumgombeza.)

Kuongeza wauguzi ni juu ya wenye mamlaka, nasi tuwaambie bila kuogopa. Lakini juma hili, mkienda kuwatazama wagonjwa, chukueni na chupa ya chai kwa ajili ya walio zamu.