Ukiitwa Urudi Ofisini, Jibu kwa Uwazi

Barua yenyewe haizidi mistari mitano. Kuanzia mwezi ujao wafanyakazi wote wataripoti ofisini Arusha mjini saa mbili asubuhi, Jumatatu hadi Ijumaa. Wewe unaisomea nyumbani Maji ya Chai, mtoto mgongoni na kompyuta mpakato mezani, na unaona maisha uliyoyapanga kwa utaratibu yanapanguliwa kwa sahihi ya mtu mmoja. Ufanyeje? Neno langu ni hili: lolote utakaloamua, lifanye waziwazi. Kubali waziwazi, omba waziwazi, au ondoka waziwazi. Kinachomharibu mtu ni ile njia ya nne, ya chini kwa chini.

Tukumbuke tulikotoka. Aprili 2020 Tanzania ilisitisha ndege za abiria za kimataifa kwa sababu ya corona. Anga lilifunguliwa tena Mei, lakini wageni walikuwa wachache, na ofisi za utalii za Arusha, zinazoishi kwa Serengeti, Ngorongoro na Kilimanjaro, zilipoa. Waliobahatika kubaki kazini walibeba kompyuta wakaenda kujibu wageni na kufunga hesabu sebuleni. Utalii ulipochangamka, baadhi yao hawakuitwa tena. Mtu akiwa na umeme na bando, kwa nini aendelee kulipa kodi ya mjini? Wakahamia huku pembezoni, Usa River, Maji ya Chai hadi Kikatiti. Hawakukosea. Ila wengi hawakuuliza swali moja: hii ni ruhusa ya muda, au ni sehemu ya mkataba wangu?

Hapo ndipo pa kuanzia. Kabla hujamjibu bosi, toa mkataba kabatini uusome. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 15, inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya ajira kwa maandishi, na mahali pa kazi ni mojawapo. Likibadilika jambo katika maelezo hayo, mwajiri anapaswa kushauriana na mfanyakazi, ayarekebishe na amjulishe kwa maandishi. Basi kama mkataba unasema kazi yako ni ya nyumbani, una haki ya kukaa mezani na kuzungumza. Kama unasema ofisi ya mjini, na kufanyia kazi nyumbani kulikuwa hisani, basi kuitwa si kuonewa. Hisani nayo hushukuriwa hata inapokoma.

Mfano mzuri wa kuandikiana tunao hapa hapa Arusha. Kule Lakilaki ipo mahakama ya Umoja wa Mataifa iliyorithi kazi za ile ya mauaji ya kimbari ya Rwanda. Baraza la Usalama lilipoiunda mwaka 2010, liliandika katika hati yake kwamba majaji watafika makao yake pale tu wanapohitajika, na kazi nyingine wataifanyia mbali. Jaji anayeandika hukumu akiwa kwao hana wasiwasi wa kuitwa ghafla, kwa kuwa jambo lilikubaliwa kabla ya kazi kuanza.

Ukishajua unasimama wapi, usijibu siku hiyo hiyo. Hasira hasara. Usipeleke malalamiko kwenye kundi la WhatsApp la ofisini, mahali ambapo neno likitoka halirudi. Kaa na mwenzako muhesabu: nauli ya kwenda na kurudi, chakula cha mchana, mshahara wa dada wa kazi, saa mtakazopoteza foleni ikianza. Kisha omba nafasi umwone mkuu wako ana kwa ana. Usiende na machozi wala vitisho. Nenda na kazi yako mkononi. Sema: “Mkuu, nimepokea barua na nitaripoti. Naomba tuangalie kama Jumatano na Ijumaa naweza kubaki nyumbani, kwa kuwa siku hizo naandaa hesabu za mwezi na sihitaji kuonana na mteja. Tujaribu miezi mitatu, kazi ikilegea nirudi siku zote.” Kama unanyonyesha, taja haki yako bila haya: sheria inakupa hadi saa mbili kwa siku, ndani ya muda wa kazi, za kumnyonyesha mtoto. Na wakati ombi linasubiri jibu, ripoti. Kukaidi agizo halali ni kosa la nidhamu, na litakupotezea hata haki uliyokuwa nayo.

Sasa ile njia ya nne. Huyu anasaini daftari la mahudhurio, anaacha koti kwenye kiti, saa nne yuko ndani ya kifodi anarudi nyumbani. Yule kila Jumatatu anaumwa. Mwingine anakaa ofisini siku nzima lakini amegoma moyoni. Wote wanadhani wanamkomoa bosi. Kumbe wanampa ushahidi kwamba aliyekuwa nyumbani naye alikuwa hafanyi kazi, na wanawaharibia wenzao waliokuwa waaminifu. Njia ya mwongo ni fupi.

Wakumbuke pia wenzako ambao hawakuwahi kuulizwa wanapenda kufanyia kazi wapi. Dereva wa safari, mpishi wa kambi, mpagazi anayepandisha mizigo Mlima Meru: hao kazi yao haiingii kwenye kompyuta. Unapodai nafuu yako, idai bila kuonyesha kwamba kupanda gari alfajiri ni fedheha. Kwao ni maisha ya kila siku.

Nawe mwajiri, una deni lako. Toa sababu ya kweli na muda wa kutosha, maana mtu hahamishi shule ya mtoto kwa wiki moja. Januari 2025, marais wa Afrika walipokutana Dar es Salaam kuzungumzia nishati, watumishi wa umma jijini waliruhusiwa kufanyia kazi nyumbani. Tunajua basi kwamba jambo hili linawezekana nia ikiwepo. Na kama lengo lako ni kupunguza watu, usijifiche nyuma ya barua ya kuwaita ofisini ukitegemea watachoka waache wenyewe. Sheria ile ile ya ajira, kifungu cha 38, inakutaka utoe taarifa, ueleze sababu na ushauriane nao.

Mkishindwana kabisa, toa notisi, kabidhi kazi hadi faili la mwisho, na uage vizuri. Ukiachishwa kwa dhuluma, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ipo; usichelewe, kwa kuwa shauri la kuachishwa hupelekwa ndani ya siku 30. Lakini usikubali kuiba muda ili kulipiza. Kazi utapata nyingine. Jina lako ni hilo hilo utakalokwenda nalo huko. Lilinde.