Bidii ya Chungu na Mti wa Kahawa

Watu wakitaka kumkemea mvivu humwambia amtazame mdudu chungu. Na ni haki, kwani chungu hakai bure. Qur'ani Tukufu ina sura iliyoitwa kwa jina lake, na ina sura nyengine iliyoitwa kwa jina la nyuki. Na wote wawili ni viumbe watokao kwenda kutafuta chakula, si kwa ajili ya tumbo la mmoja tu, bali kwa ajili ya nyumba nzima. Lakini suali tutakalo kulitia katika mizani ni hili: Je, bidii peke yake ni wema? Mtu akiwa ni mchapa kazi, haibi, hachelewi, na awalisha watoto wake, yatosha hayo kuifanya rizki yake kuwa njema?

Jawabu yetu ni kuwa hayatoshi, na shahidi wetu ni huyo huyo chungu.

Ndugu zetu wa pwani waliokwenda bara kutafuta kazi waijua nchi ya Theta, iliyo baina ya Thika na Ruiru. Leo upande huo umejaa viwanda na nyumba za kupangisha, lakini zamani sifa yake kubwa ilikuwa ni kahawa. Na hata sasa Ruiru ndipo palipo makao ya utafiti wa kahawa wa Kenya, ambako mwaka 1985 ilitolewa mbegu iitwayo Ruiru 11. Katika miaka ya 1920 mashamba ya upande huo yaliingiwa na balaa. Vidudu vidogo vyeupe, vyenye unga mwilini kana kwamba vimepakwa chokaa, navyo ni vidung'ata, vilijikusanya katika vitawi na vishada vya kahawa vikafyonza maji ya mti. Miti ikadhoofika, na mavuno yakapotea.

Sasa tazama, ewe msomaji, sehemu ya chungu katika jambo hilo. Kidung'ata akishafyonza, hutoa nyuma yake maji matamu yenye sukari. Chungu mmoja akiyapata hurejea nyumbani huku akiacha harufu njiani. Wenziwe huifuata harufu hiyo, na kila arudiye ameshiba huizidisha, mpaka ikawa njia kuu juu ya shina la mti. Hapana amri ya malkia wala ya msimamizi. Kila mmoja aifuata njia aliyoikuta. Na kwa kuwa vidung'ata ndio chemchemi ya utamu wao, chungu wakawalinda kama mchungaji alindavyo ng'ombe wa maziwa. Mdudu aliyekuja kuwala vidung'ata, au nyigu mdogo aliyekuja kutaga yai ndani yao ili awaue, alishambuliwa na kufukuzwa.

Chungu wale hawakuufyonza mti hata tone moja. Lau wangeliulizwa wangelisema: Sisi hatukuugusa mti wenu, twala kinachodondoka tu. Nao wangelikuwa wakweli. Lakini mti ulikuwa ukifa chini ya ulinzi wao.

Mlinganishe chungu huyo na nyuki. Mwanachuoni Karl von Frisch, aliyepewa tuzo ya Nobel mwaka 1973, alibainisha kuwa nyuki aliyepata maua hurudi mzingani akacheza juu ya sega. Mwelekeo wa mchezo wake huwajulisha wenziwe upande wa maua kwa kulipima jua, na muda wake huwajulisha umbali. Naye hunywa katika ua, na kwa kutoka ua hadi ua huchukua ule unga ambao kwao mimea mingi hupata kuzaa. Basi wote wawili hutafutia jamaa zao, wote hufuata habari ya mwenzao, na wote wapenda kitamu. Tofauti yao ni hali ya mti baada ya wao kuondoka.

Ama mwanadamu, naye alikuwa mtafutaji wa porini kabla hajawa mkulima, na wako walio hivyo mpaka leo. Kaskazini mwa Kenya Waborana hutafuta asali kwa kuongozwa na ndege anayewalilia na kuwatangulia. Utafiti wa H. A. Isack na H.-U. Reyer uliochapishwa mwaka 1989 ulionyesha kuwa katika nchi wasiyoijua, watafutaji wasioongozwa walichukua kiasi cha saa 9 kupata mzinga mmoja, na walioongozwa kiasi cha saa 3. Mtu huufungua mzinga kwa moshi na shoka, ndege akapata nta na mabuu. Nyuki hupata khasara, ni kweli. Lakini mtu yule auona mzinga wote, aijua khasara aitiayo, naye aweza kuamua achukue kiasi gani. Chungu hauoni mti. Hiyo ndiyo tofauti kubwa baina yetu na wao: chungu hakukalifishwa wala hatahesabiwa, na sisi tumepewa akili ya kuuona mti, nasi tutaulizwa.

Kijana mmoja alituuliza katika darsa. Ameajiriwa kuandika hati katika afisi ya kuuza viwanja, na ajua kuwa kiwanja kimoja huuzwa kwa watu wawili. Akasema: "Sheikh, mimi naandika tu. Kuuza auza tajiri. Nami nina mama na watoto." Hatukumdharau, kwani hoja yake ndiyo hoja ya watu wengi walio wakubwa kuliko yeye. Lakini hoja hiyo ni ile ile ya chungu wa Thika. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, katika jambo la riba hakumlaumu mlaji peke yake, bali alimtia pamoja naye mtoaji, na mwandishi, na mashahidi wawili. Mwandishi hakula riba. Kalamu yake ndiyo iliyoifanya isimame.

Atasema msemaji: Mkisema hivyo mtaharimisha kazi zote, kwani ni afisi gani, na ni soko gani, lisilokuwa na uchafu ndani yake? Twasema: Mtu afanyaye kazi yake ya halali mahali ambapo wengine wadhulumu, si sawa na mtu ambaye kazi yake ndiyo kuilinda dhulma. Basi na ajiulize kila mmoja wetu: Anapokuja mwenye kutaka kutengeneza, akitaka kuona daftari, au akidai haki yake, je, kazi yangu ni kumfungulia mlango au kumfukuza? Ikiwa mshahara wangu ni ujira wa kumfukuza, basi mimi ni mlinzi wa vidung'ata, hata kama mikono yangu ni misafi.

Na dawa ni nini? Wakulima waliyazungushia mashina ya kahawa grisi yenye kunata, wakakata na matawi yaliyogusa ardhi. Hawakuwamaliza chungu wote duniani; waliikata njia yao. Na dawa kubwa zaidi ilikawia kwa sababu kidung'ata yule alidhaniwa kuwa wa aina ijulikanayo Asia, na maadui wake wakatafutwa huko mbali. Ilipofika mwaka 1935 mtaalamu Le Pelley alibainisha kuwa ni aina ya peke yake, na mwaka 1938 nyigu wadogo wakaletwa kutoka Uganda, nchi jirani, na balaa likapungua sana. Dawa ilikuwa karibu. Kilichokosekana ni kulijua gonjwa kwa jina lake. Na hata nyigu huyo hafanyi kazi vyema penye chungu wengi.

Nasi twayachukulia mafunzo mawili. La kwanza, tuliite jambo kwa jina lake: hati ya uwongo tusiiite kazi ya afisi, na rushwa tusiiite chai. La pili, tusitosheke kumlaani yule mwandishi wa hati na hali watoto wake wana njaa. Hiyo si kukata njia, ni kupiga kelele chini ya mti. Mwenye duka miongoni mwetu na amtafutie nafasi, mwenye mali na amkopeshe bila ya riba aanze biashara yake, na zaka yetu imfikie kabla ya kufikiwa na tajiri wake kwa mara nyengine. Tusipofanya hivyo, sisi nasi tumeshiriki katika kumrejesha kwenye ile njia yenye harufu.

Mwenyezi Mungu atujaalie rizki ya halali, na bidii yenye kuona.