Kufunga na Kukosa

Yanonge, kilomita zipatazo 60 ukiteremka mto Kongo kutoka Kisangani, haisifiki kwa njaa. Mtoni mna samaki, msituni mna michikichi, na sombe, yaani majani ya mihogo, si chakula cha wageni. Ndiyo maana mtoto wa huko akipungukiwa vitamini, lawama humwangukia mama: hajui kulisha.

Lawama hiyo si ya haki. Asili ya vitamini A iliyomo kwenye majani ya mihogo huingia mwilini vizuri pale tu chakula kinapokuwa na mafuta. Mawese mekundu ni mafuta yenyewe, tena yana asili hiyohiyo ya vitamini, lakini mawese, kama samaki, ni feza. Hupakiwa mtumbwini kwenda Kisangani ili daftari na dawa zilipwe; nyumbani hubaki fufu na sombe yenye mafuta haba. Kisha huja malaria, minyoo, kuhara, mimba zinazofuatana upesi. Huja na surua, inayomaliza akiba ndogo ya vitamini A iliyomo kwenye ini la mtoto. Mlipuko wa 2019 uliua watu zaidi ya 6,000 nchini Kongo, wengi wao watoto.

Wingi wa chakula na haki ya kukila ni vitu viwili. Mwanauchumi Amartya Sen alilionyesha hilo mwaka 1981, alipochambua jinsi watu wanavyokufa njaa vyakula vikiwapo. Ni yeye pia aliyetofautisha anayefunga na anayekosa: matumbo yao yanaweza kuwa matupu sawasawa, ila mmoja amechagua.

Dini zilitangulia kulijua jambo hili. Kanisa Katoliki haliwalazimishi watoto kufunga siku za Kwaresima. Kurani humruhusu mgonjwa na msafiri kula mchana wa Ramadhani. Basi kumwambia mzazi kwamba upungufu wa mwanawe ni mtihani wa imani ni kumtwisha Mungu mzigo wa soko. Mtoto wa miezi minane hajaweka nadhiri yoyote.

Na soko hilo lina historia. Yangambi, ukingo wa pili wa mto, ndiko watafiti walikobaini mwaka 1941 jinsi ya kupata mchikichi chotara wenye mafuta mengi. Maarifa hayo yalisaidia kukuza mashamba makubwa ya Malaysia na Indonesia, mbali na Yanonge.

Mhubiri anayetangaza matone ya vitamini A, yanayotolewa kila miezi 6 kwa watoto wa miezi 6 hadi 59, anafanya vema. Aulize pia, mimbarini hapohapo, mvuvi wa Yanonge analipwa bei gani, na nani hupakuliwa kwanza samaki anayebaki nyumbani.