Je, Mti Ulioumbwa na Mungu Unaweza Kudhuru?

Hoja inayouza dawa za miti shamba katika mitaa ya Eastlands jijini Nairobi kwa kawaida ni hoja ya dini. Kwenye vibanda vya Gikomba, kando ya steji za Kayole na Kariobangi, na katika maduka ya Eastleigh yanayouza habbat soda na asali, mteja huambiwa kwamba dawa haina kemikali, imetoka kwa Mungu, kwa hiyo haina madhara. Hapo pana madai mawili: kwamba miti huponya, na kwamba kilichoumbwa na Mungu hakiwezi kumdhuru binadamu. Dai la kwanza lina ukweli mwingi. La pili halithibitishwi na sayansi, wala na maandiko yanayotajwa kulitetea.

Uwezo wa mimea hauna ubishi. Artemisinini, msingi wa dawa za malaria zinazotolewa hospitalini leo, ilipatikana katika mmea wa Artemisia annua, na mwaka 2015 Tu Youyou wa China alitunukiwa Nobel kwa ugunduzi huo. Tangawizi hutuliza kichefuchefu. Majani ya mlonge yana protini, madini ya chuma na vitamini. Utomvu wa shubiri hulegeza choo kigumu. Habbat soda imeonekana katika tafiti ndogondogo kushusha kiasi sukari na presha.

Nguvu hiyo hiyo inayotibu ndiyo inayodhuru. Mgonjwa wa kisukari anayetumia dawa za hospitali, kisha akaongeza habbat soda au mlonge, sukari yake inaweza kushuka hadi azimie. Utomvu wa manjano wa shubiri ukinywewa kwa muda mrefu huharisha na kupunguza potasiamu mwilini, jambo la hatari kwa mwenye ugonjwa wa moyo. Kitunguu saumu kikitumiwa kwa wingi hupunguza uwezo wa damu kuganda, hivyo anayetumia dawa za kuyeyusha damu au anayesubiri upasuaji hana budi kujihadhari. Utafiti uliofanywa Marekani ulionyesha kwamba vidonge vya kitunguu saumu vilipunguza takriban kwa nusu kiwango cha sakwinaviri, dawa ya virusi vya ukimwi, katika damu. Mwaka 1981 madaktari wa Malaysia waliripoti watoto wadogo waliopata sumu kali baada ya kunyweshwa mafuta ya mwarobaini. Mwarobaini haushauriwi kwa mjamzito pia.

Maandiko hayakuficha jambo hili. Sura ya 38 ya kitabu cha Yoshua bin Sira, kilichomo katika Biblia ya Wakatoliki, inafundisha kwamba Mungu ameumba dawa kutoka ardhini, kisha inamwagiza mgonjwa amwombe Mungu na pia ampe tabibu nafasi yake. Katika Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya 4, mtu anachuma matunda ya mwituni asiyoyajua na kuyatia chunguni, na wanafunzi wa manabii wanapoonja wanapiga kelele kwamba chakula kina mauti. Matunda hayo nayo yalikuwa ya Mungu. Kilichokosekana ni ujuzi wa mchumaji.

Waislamu nao wana hadithi ya Mtume katika vitabu vya Bukhari na Muslim inayosema habbat soda ni tiba ya kila ugonjwa isipokuwa mauti. Al-Khattabi, mmoja wa wafafanuzi wakubwa wa hadithi, alieleza kwamba tamko hilo ni la jumla lakini makusudio yake ni maradhi mahususi. Hadithi nyingine, iliyopokewa na Abu Dawud, inambebesha dhamana mtu anayetibu watu bila kujulikana kwa elimu ya tiba. Kwa kipimo hicho, muuzaji anayeapa kwamba dawa yake haina madhara amejitwika deni.

Lipo pia dhara lisilotoka kwenye mti wenyewe. Mwaka 2011 maelfu ya watu, Wakenya wakiwemo, walimiminika kijiji cha Samunge, Loliondo, nchini Tanzania, kunywa kikombe cha dawa cha mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile kwa shilingi 500 za huko. Alisema Mungu alimwonyesha dawa hiyo ndotoni. Wapo wagonjwa walioacha dawa za ukimwi (ARV) wakiamini wamepona, na ugonjwa ukapata nafasi ya kuwazidi nguvu. Upande wa pili, baadhi ya waumini wa dhehebu la Akorino walikataa dawa za kila aina na kutegemea maombi pekee. Misimamo hii inaonekana kupingana, lakini mzizi wake ni mmoja: kwamba kuchunguza ni kukosa imani.

Dhana hiyo haina msingi. Kujua dawa imetoka kwa nani hakutoshi kujua inamfaa nani, kwa kiasi gani, wala inapatana na dawa zipi. Sheria ya Afya ya Kenya ya 2017 inazitambua tiba za jadi, na Bodi ya Famasia na Sumu husajili bidhaa za mitishamba, kwa hiyo mnunuzi ana haki ya kuuliza kama dawa imesajiliwa. Anayehudhuria kliniki ya sukari, presha au ARV amweleze daktari kila mti anaoutumia, na asiache dawa za hospitali kwa neno la muuzaji.