Je, Ni Kweli Chema Chajiuza?

Wahenga walisema kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Nilipokuwa mkuu wa chuo cha ualimu niliwafundisha wanachuo methali hiyo bila kuitilia shaka. Leo, nikiwa nimevuka miaka 75, nataka kuihoji, maana niliitumia kuficha kosa langu mwenyewe.

Nina daftari la jalada gumu. Ndani yake mna nyimbo 41 nilizozitunga, kwa sauti nne, zimeandikwa kwa solfa. Mwaka 1978 mtu mmoja aliazima wimbo wangu mmoja, na baada ya miezi michache nikausikia ukiimbwa kanisani kwa jina lake. Tangu siku hiyo nililifungia daftari sandukuni. Vijana wa kwaya walipokuja kuniomba nyimbo niliwajibu kwamba zikiwa njema zitajiuza zenyewe. Sikujiuliza kitu kilichofungiwa sandukuni kitajiuzaje.

Mwaka jana nilinunua karanga Kariakoo, Mtaa wa Mkunguni. Nilipoikunjua karatasi zilimofungwa, niliikuta imejaa solfa kwa mwandiko wa mkono: sauti ya tatu na besi tu. Sauti ya kwanza haikuwapo, wala jina la mtunzi. Nilisimama kando ya mikokoteni nikaiimba ile besi kimoyomoyo, wapita njia wakinipiga vikumbo. Ilikuwa besi nzuri. Nilipomwuliza kijana karatasi ameipata wapi, alinijibu kwa adabu, "Tunanunua kwa kilo, mzee."

Usiku ule nilikumbuka santuri alizoniachia mmisionari mmoja chuoni, za kinanda kikubwa cha mabomba cha Wafaransa. Humo nilimjua Nicolas de Grigny, mpiga kinanda wa Reims, ambaye hata wapenzi wengi wa muziki hawamjui. Alichapisha kitabu chake mwaka 1699, akafariki mwaka 1703 akiwa na miaka 31. Bach, Mjerumani aliyekuja kuwa mashuhuri kuliko yeye, alikinakili kitabu hicho kwa mkono wake mwenyewe. Humo pia nilimjua Jehan Alain, aliyeuawa vitani mwezi Juni 1940 akiwa na miaka 29. Dada yake, Marie-Claire, alikuwa bado binti mdogo. Alipokuwa mpiga kinanda alizipiga na kuzirekodi kazi zote za kinanda za kaka yake, na hakuchoka kuwapigia watu mpaka uzeeni. Alifariki mwaka 2013.

Basi muziki wa hao wawili ulikuwa mwema, lakini haukujiuza. Ulibebwa na watu.

Tena tusiende mbali. Enoch Sontonga alikuwa mwalimu na kiongozi wa kwaya huko Johannesburg. Mwaka 1897 alitunga wimbo ambao sauti yake ndiyo ya Wimbo wetu wa Taifa. Walimu wengine wa kwaya waliazima nyimbo zake. Alifariki mwaka 1905. Baadaye mshairi Samuel Mqhayi akauongezea beti, nasi tukautia maneno ya Kiswahili. Lau mwalimu yule angalilifungia daftari lake kama mimi, tungeimba nini usiku wa Uhuru, Desemba 1961?

Najua msomaji ataniuliza: je, mwizi asilaumiwe? Alaumiwe. Tunayo Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, nami naiunga mkono, kwani jina la mtunzi ni haki yake. Lakini kudai jina ni jambo moja, na kuwanyima watu wimbo ni jambo jingine. Yule bwana aliniibia jina. Wimbo wenyewe aliufikisha kwa watu. Mimi kwa kosa la mtu mmoja niliziadhibu kwaya nyingi zisizo na hatia, na adhabu hiyo nikaiita unyenyekevu. Haukuwa unyenyekevu, ulikuwa kinyongo.

Naona basi wajibu uko pande mbili. Mwenye kutunga atoe, akikubali kwamba wimbo utabadilikabadilika mikononi mwa watu. Mwenye kupokea anakili kwa uaminifu, na juu ya ukurasa aandike jina na mwaka. Mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari lisiloazimwa huishia kufungia karanga.

Jumamosi moja nilimwita mwanafunzi wangu wa zamani, sasa mwalimu wa kwaya, tukaenda pamoja kwa mpiga fotokopi Mtaa wa Msimbazi. Alipofika ukurasa wa 17 akasita. "Mwalimu, huu si ule wa yule bwana?"

"Ni wangu," nikamwambia. "Lakini ubeti wa tatu aliuongeza yeye, nao ni mzuri. Nimeuandika, na jina lake nimeliweka chini yake."