Chuo, Neema na Fardhi ya Walio Wachache

Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza akishaandikishwa, hukuta chuoni mambo ya namna mbili. Kuna vipindi asivyoweza kuvikwepa, maana vina mtihani. Na kuna mengine yasiyo na mtihani: maktaba, maabara baada ya saa za masomo, mwalimu aliyekaa ofisini akingoja kuulizwa, vikundi vya kudurusu, midahalo, mpira wa jioni, kazi za kujitolea mtaani. Haya ya pili huhesabiwa hiari. Swali la dini na maadili ni kama kweli ni hiari. Anayeyapita kila siku bila kuyagusa amekosa jambo, au ameacha tu haki yake mwenyewe? Kwa kijana wa Kibajuni aliyetoka visiwa vya Chovai, Chula au Koyama akaingia chuo mjini Kismayo, swali hili ni zito kuliko lilivyo kwa mtoto wa mji mkubwa, na sababu ya uzito huo imo ndani ya fiqhi yenyewe.

Jibu jepesi ni lile la haki. Mwenye haki anaweza kuisamehe, na mafakihi wanalikubali hilo: anayedai deni akilifuta, hakuna wa kumlaumu. Ada imelipwa, na kiti cha maktaba kikikaa kitupu, hasara ni ya aliyelipa. Hoja hii ingesimama kama vilivyomo chuoni vingekuwa mali ya mwanafunzi. Lakini sivyo, na pwani hii ya Afrika Mashariki inajua hivyo tangu zamani.

Msafiri Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 alifikia katika nyumba ya wanafunzi, iliyokuwa karibu na makao ya sultani na iliyowekwa kwa ajili ya kuwakirimu watu wa elimu. Ameeleza alivyoandaliwa: wali uliopikwa kwa samli, kitoweo cha kuku, nyama, samaki na mboga, ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, achari ya ndimu na pilipili, tangawizi mbichi na maembe. Chakula kililetwa mara tatu kwa siku. Wali ule wa samli haukuwa mali ya mlaji, ulipakuliwa kwa jina la elimu, na aliyeula aliingia katika dhamana, ajue asijue.

Kusini zaidi, Lamu, jambo hilohilo lilichukua sura ya wakfu. Habib Swaleh bin Alwy Jamal al-Layl, aliyekuja kutoka Ngazija na kufariki mwaka 1935, alisomesha Langoni watu ambao wakubwa wa mji hawakuona haja ya kuwasomesha, wakiwemo waliotoka utumwani. Msikiti Riyadha uliosimama pale ukawa kituo cha wanafunzi kutoka pande zote za Afrika Mashariki, na watu wa visiwa vya kaskazini wamo. Katika miswada iliyohifadhiwa Riyadha, vitabu vingi vimeandikwa kuwa ni wakfu. Mwanafunzi wa hapo hakufunzwa kitabu peke yake. Alipiga tari na kusoma kasida kwenye maulidi ya Mfungo Sita, akapokea wageni, akasikiliza wakubwa wakibishana. Msomi wa pwani alilelewa na mazingira mazima ya chuo, na darsa ilikuwa fungu moja tu la malezi hayo. Lugha yenyewe inashuhudia: kwa Waswahili wa kale neno chuo lilikuwa jina la mahali pa kusomea na jina la kitabu pia.

Kitu kikiwa wakfu, swali la haki ya mtu binafsi linaondoka na linakuja swali la neema. Hapa aliyefika mbali zaidi ni Imam Ghazali (1058–1111), katika mlango wa subira na shukrani wa Ihya Ulum al-Din. Shukrani kwake ni elimu, hali ya moyo na kitendo, na kitendo chenyewe ni kuitumia neema katika lile iliyoumbiwa. Basi kuikufuru neema kuna njia mbili: kuitumia pasipo pake, na kuiacha bila kazi. Mfano wake ni dinari na dirhamu. Anayezifungia sandukuni ni kama aliyemfunga jela hakimu wa Waislamu, kwa sababu fedha iliumbwa ipite mikononi mwa watu na kupima thamani za vitu. Kwa mizani hiyo, kusema alhamdulillahi kwa kupata nafasi chuoni hakutoshi ikiwa mlango wa maktaba haujafunguliwa tangu siku ya kuandikishwa.

Wavuvi wa Kibajuni wanayo picha ya jambo hili katika ufundi wao wa kuvua kasa kwa chazo, samaki mwenye kibandiko kichwani. Chazo hufungwa kamba mkiani na kuwekwa hai majini. Kasa akizuka kuvuta pumzi, chazo huachiwa karibu yake. Humwendea, humganda gambani, na kamba huvutwa polepole mpaka kasa anafika ubavuni mwa chombo. Mvuvi aliyemfunga chazo kaskazi nzima bila kumwachia hata mara moja hawezi kusema kuwa ni hiari yake, huku watoto nyumbani wakingoja kitoweo.

Hao wanaongoja ndio kiini cha suala. Fiqhi inagawa fardhi mafungu mawili: ya aini, inayomlazimu kila mtu nafsi yake, kama sala tano, na ya kifaya, inayoulazimu umma mzima, wakaitekeleza baadhi yao wengine wakasalimika, kama sala ya maiti. Udaktari na hesabu zimo katika fungu la pili. Ghazali aliwalaumu wanafunzi wa zama zake kwa kukimbilia mijadala ya fiqhi na kuiacha miji bila tabibu Mwislamu. Lakini mafakihi wana kanuni nyingine ambayo haitajwi sana: fardhi ya kifaya, asipopatikana wa kuitekeleza ila mtu mmoja, humgeukia mtu huyo ikawa ya aini. Mwogeleaji akiwa peke yake ufuoni na mtu anazama, jambo halimsubiri mwingine.

Wabajuni wa Somalia ni watu wachache, na historia imewapunguza zaidi katika elimu kuliko katika idadi. Tangu Kisomali kilipopewa herufi rasmi za Kilatini mwezi Oktoba 1972 na kufanywa lugha ya shule, mtoto wa visiwani alijifunza kusoma kwa lugha isiyo ya mama yake. Serikali ilipoanguka mwaka 1991, watu wa visiwani waliporwa na kufukuzwa. Wengi walipanda vyombo wakaenda Lamu na Mombasa, na wengine wakaishia Ulaya. Chuo Kikuu cha Taifa cha Somalia, kilichoko Mogadishu, kilifungwa mwaka huohuo na hakikufunguliwa tena mpaka 2014. Miaka 23 inatosha kumfanya mtoto awe mzazi asiyejua chuo ni nini. Kwa hiyo kijana wa kisiwani anayesoma uuguzi au sayansi ya bahari leo huenda akawa yule mwogeleaji wa pekee. Saa ya maabara ambayo kwa mwenzake ni ziada, kwake imekaribia kuwa fardhi.

Kuna hoja ya kupinga, nayo ni ya kweli. Ni vigumu kumtwika mtu wa miaka 18 au 19 mzigo wa kabila zima. Sharia hailazimishi zaidi ya uwezo, na uwezo wa mgeni chuoni hupunguzwa na mengi: lugha ya darasani si ya nyumbani, nauli ni tatizo, na kuna ile haya ya mtu aliyezoea kuambiwa kuwa si mwenyeji hata mahali walipozikwa babu zake. Haya hii isichanganywe na ile iliyo tawi la imani. Mujahid, mfasiri wa Kurani wa Makka, alimweka mwenye haya ya kuuliza pamoja na mwenye kiburi: wote wawili hawapati elimu. Zarnuji, katika kitabu chake cha adabu za mwanafunzi, aliuweka mjadala wa saa moja juu ya mwezi mzima wa kukariri, kwa sharti kwamba anayejadiliana naye awe mwadilifu na mwenye tabia njema. Sharti hilo linafaa kutiliwa mkazo. Mgeni haambiwi aingie kila kikundi. Anaambiwa achague wenzake.

Na mchezo? Mpira wa jioni ufukweni huonekana upuuzi mbele ya fardhi. Ghazali alisema mtoto aachiwe acheze baada ya masomo, kwani kumnyima mchezo na kumbana kwa masomo daima kunaua moyo wake. Mwanafunzi wa chuo kikuu si mtoto, ila moyo ni uleule, na uwanjani ndipo Mbajuni na Msomali hujuana kwa majina kabla ya kujuana kwa koo.

Fardhi hii ina upande wa pili, unaomwangukia msimamizi. Katika wakfu, msimamizi hulazimika kutimiza sharti la aliyeuweka, na maktaba inayofungwa saa ambazo wanafunzi wana nafasi imevunja sharti lake hata kama vitabu vyote vimo rafuni. Mwanafunzi hawajibiki kwa mlango uliofungwa. Anawajibika kwa ule ulio wazi.

Wala fardhi hii si ya milele. Iligeuka kuwa ya aini kwa sababu ya uchache, na uchache ukiondoka itarudi ilikotoka. Wakipatikana wakunga, walimu na wataalamu wa bahari wa kutosha kutoka Koyama, Chula na Chovai, kijana atakayefuata ataingia chuo akiwa huru kusoma hata elimu ya nyota, kwa kuwa tu anaipenda.